Krapf: Aliyekuja kufuta mila za Pwani, kalamu yake ikazihifadhi

HISTORIA ya Kenya humkumbuka Dkt Johann Ludwig Krapf kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuarifu ulimwengu kuwa ameuona Mlima Kenya kwa macho yake. La pili ni kwamba aliongoza kundi la kwanza la wamishonari wa Kiprotestanti kufanya makao Mombasa.

Lipo jambo la tatu ambalo hutajwa kwa nadra, ingawa kwa wenyeji wa Pwani huenda ndilo zito kuliko yote. Mgeni huyo alikuja kuwashawishi watu waziache mila zao, na papo hapo akatumia miaka mingi kuziandika. Mengi ambayo wasomi wa leo wanajua kuhusu maisha ya Wamijikenda na Waswahili wa Mombasa katikati ya karne ya 19 yamepitia katika wino wake.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa kijana alivutiwa na ramani na lugha za mbali, akaenda kusomea kazi ya umishonari mjini Basel, Uswisi.

Mnamo 1837, Shirika la Wamishonari wa Kanisa la Uingereza, lijulikanalo kwa ufupi kama CMS, lilimtuma Ethiopia, nchi iliyoitwa Uhabeshi enzi hizo. Huko alijifunza Kiamhari na Kioromo, akakusanya miswada ya kale, na kuanza tabia ambayo hakuiacha hadi kufa kwake: kuuliza kila kitu kinaitwaje na kuandika jibu.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich nchini Misri. Walipojaribu kurejea Uhabeshi, njia zilikuwa zimefungwa kwa wamishonari. Wakiwa jangwani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Walimpa jina lenye maana ya chozi kwa Kiamhari, na hakuishi.

Hivyo basi, Mombasa haikuwa kiini cha safari ya Krapf tangu mwanzo. Nia yake ilikuwa kuwafikia Waoromo kwa kupitia upande wa kusini baada ya kukosa njia ya kaskazini. Pwani ilikuwa mlango tu, lakini mlango huo ukawa nyumba.

BARUA YA SULTANI

Krapf na mkewe walifika Unguja Januari 1844. Sultani Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Pwani wakati huo, alimpokea kwa heshima na kumwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mtawala Mwislamu alimfungulia njia mhubiri Mkristo, naye mhubiri akaitembeza barua hiyo kila alikokwenda.

Mombasa aliyoikuta ilikuwa mji wenye mpangilio wake. Waswahili wa mji walikuwa makabila 12, yaani Thenashara Taifa, waliogawanyika katika Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Hao Thelatha ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ambao jina lao hadi leo limebaki katika eneo la Changamwe, bara ya magharibi.

Makabila hayo yalikuwa na mafungamano ya kale na Wamijikenda wa bara. Wakilindini, kwa mfano, walikuwa karibu na Wadigo, watu wa Likoni na nchi iliyo kusini yake. Mapatano hayo yalihusu biashara, vita, hifadhi wakati wa njaa na usuluhishi wa magomvi. Aliyetaka kuvuka kisiwa aingie bara alihitaji kuyafahamu, la sivyo angebaki ufuoni.

Mji huo pia ulikuwa na elimu yake. Waswahili walikuwa wakiandika mashairi na tenzi kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alikuwa amefariki yapata mwaka 1840, miaka michache tu kabla ya Krapf kushuka bandarini, na beti zake zilikuwa zingali vinywani mwa watu.

Mwalimu wa Krapf alikuwa mtu wa daraja ya juu katika jamii hiyo, Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin. Juni 1844 wawili hao walianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kadhi alijua fika mgeni anataka kuieneza dini gani. Hata hivyo alimsaidia, kwa kuwa kumfundisha mwenye kiu ya elimu lilikuwa jambo la murua na mgeni alistahili kukirimiwa.

Sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Jina la mgeni lilivuka bahari pamoja nazo. Jina la Kadhi halikupata umaarufu huo.

KABURI LA BARA

Msiba ulibisha hodi mapema. Julai 1844, miezi michache tu baada ya kuhamia Mombasa, homa iliwapata mume na mke. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache zilizotangulia. Alifariki Julai 13, na mtoto akamfuata muda mfupi baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba alikuwa hajiwezi.

Kwa ombi la Rosine, walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili kaburi lake liwe karibu na watu aliokusudia kuwafikia. Mahali hapo ni Nyali, eneo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa sehemu ya Kisauni. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kuwaeleza kwamba kaburi hilo la upweke lilikuwa ishara ya kazi iliyoanza, wala si ya kazi iliyoshindwa.

Kwa mila za Wamijikenda, mahali anapozikwa mtu si jambo dogo. Makaburi ya wazee huwafunga walio hai na ardhi, na marehemu, wanaoitwa koma, huendelea kuhesabiwa kuwa sehemu ya ukoo. Kwa kumzika mkewe na mwanawe katika udongo wa bara, Krapf alikuwa amefanya, pengine bila kujua, jambo ambalo majirani zake wangeweza kulielewa vyema kuliko mahubiri yake.

WAZEE WA KAYA

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Wawili hao waliamua kuhama kisiwani na kukaa Rabai Mpya, kwenye vilima vilivyo umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mjini. Safari ilikuwa ya mashua hadi mwisho wa mkono wa bahari, kisha mtu hupanda kwa miguu.

Hawakuingia Rabai kwa amri ya liwali. Iliwabidi wazee wa kaya wakutane, wazungumze na kukubaliana. Hiyo ndiyo iliyokuwa serikali ya Wamijikenda. Hapakuwa na mfalme, bali baraza la wazee lililojulikana kama kambi, na kauli yake ilitokana na mashauriano marefu ambayo hayakuisha hadi watu wawe wamekubaliana.

Mzee hakufika kwenye baraza hilo kwa wingi wa mvi pekee. Alipanda ngazi za rika, akatoa karamu na ada zilizohitajika, na kila ngazi ikamkabidhi siri na wajibu mpya. Katikati ya kaya, ndani ya msitu usiokatwa ovyo, palikuwa na fingo, kitu kitakatifu kilichofukiwa ili kuilinda jamii.

Wazee waliwaruhusu wageni wakae. Mnamo Agosti 25, 1846, Krapf na Rebmann walihamia Rabai huku wote wawili wakiwa wanaumwa homa.

Ukarimu huo haukumaanisha kwamba wenyeji wako tayari kuiacha imani yao. Kwa miaka mingi wageni hao hawakupata wafuasi isipokuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu maskini mwenye ulemavu, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Watu wa Rabai walikuja kusikiliza, wakauliza maswali, kisha wakarudi kwenye shughuli zao.

Krapf alikasirishwa na mengi. Alilaumu unywaji wa tembo la mnazi, karamu za wazee, uganga na matambiko. Aliyaona yote hayo kuwa giza la kuondolewa. Alichokosa kutambua ni kwamba tembo lile lilikuwa na kazi yake. Lilimwagwa chini kuwakumbuka wahenga, lilifungua baraza na lilitolewa katika posa. Kulikataa ilikuwa kukataa kikao chenyewe.

ALIYOYAANDIKA

Pamoja na hukumu zake kali, Krapf hakuacha kuandika. Katika shajara, barua na kitabu chake cha safari kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858, alieleza kwa kirefu mambo aliyoyashuhudia.

Aliandika kuhusu mwanza, ngoma ya siri ya wazee ambayo mngurumo wake ulipovuma, wanawake, watoto na wasioingizwa jandoni mwa rika walijificha ndani wasiione. Alieleza kiraho, kiapo cha kumbaini mkweli na mwongo, ambacho aina yake moja ilitumia shoka lililotiwa motoni. Alitaja maombi ya mvua, sadaka kwa koma, na jina la Mulungu ambalo Wamijikenda walimwita Muumba.

Kwa upande wa Waswahili wa mji, alieleza kupunga pepo, desturi ambayo mgonjwa huchezewa ngoma hadi pepo aliyempagaa anene na kutaja anachotaka. Ngoma hizo ziliwapa wanawake nafasi ya kusema hadharani mambo ambayo siku za kawaida waliyanyamazia.

Hata hivyo, macho yake yalikuwa na mipaka. Aliwaita watu wote wa bara hiyo Wanika, yaani watu wa nyika, jina walilopewa na wengine na lenye dharau ndani yake. Wenyewe waliliacha, na kuanzia miaka ya 1940 jina la Mijikenda, yaani miji tisa, likashika mahali pake.

Jina hilo moja lilizika tofauti nyingi. Wadigo, kwa mfano, walirithishana mali kwa upande wa mama, mjomba akawa na sauti kubwa kwa watoto wa dada yake. Waduruma walihesabu ukoo kwa pande zote mbili, kuumeni na kukeni. Wagiriama walifuata upande wa baba. Anayewasoma wote kama watu wa mila moja atakosea katika mambo ya msingi kama vile ndoa, mirathi na umiliki wa ardhi.

KIVOI NA MLIMA

Kutoka Rabai, Krapf alifanya safari ndefu za bara. Mwaka 1848 alikwenda Usambara kwa Mfalme Kimweri. Mwaka uliofuata aliingia Ukambani, ambako alikaribishwa Kitui na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri aliyeendesha misafara ya pembe za ndovu hadi Pwani.

Kivoi ndiye aliyemweleza kuhusu mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Desemba 3, 1849 mawingu yalifunguka na Krapf akauona kwa mbali. Aliandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, na kutokana na jina hilo la mlima, koloni iliitwa Kenya mwaka 1920. Wasomi kadhaa wa Ulaya walimdhihaki, wakidai theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta.

Mwaka 1851 alirudi kwa Kivoi. Wakiwa safarini kuelekea mto Tana, msafara ulivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akatangatanga porini kwa siku kadhaa bila chakula, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki yake.

Aliporejea kwa watu, jamaa za Kivoi walimuuliza kwa nini yeye yu hai ilhali mwenyeji wake amekufa. Kwao, aliyesafiri chini ya ulinzi wa mtu alifungwa naye katika salama na katika hatari. Maisha yake yalikuwa mashakani, akatoroka usiku na hatimaye kurejea Rabai akiwa hoi. Katika safari hiyo alijifunza uzito wa dhamana baina ya mgeni na mwenyeji kuliko kitabu chochote kingeweza kumfundisha.

KAMUSI

Afya ilipozidi kudhoofika, Krapf aliondoka Pwani mwaka 1853. Alirudi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo Ribe, kisha akaenda Uhabeshi mwaka 1867 kama mkalimani wa jeshi la Uingereza. Miaka iliyobaki aliishi Korntal, Ujerumani, akiwa amezungukwa na karatasi zake.

Mwaka 1850 alikuwa tayari amechapisha sarufi ya Kiswahili, ambayo pia iligusia lugha ya Wamijikenda. Mnamo 1854 alipeleka Halle, Ujerumani, nakala za tenzi za Kiswahili, ukiwamo ule wa Herekali, ujulikanao pia kama Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728. Miswada hiyo imewafaa watafiti wa ushairi kwa vizazi kadhaa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni kamusi ya Kiswahili yenye zaidi ya kurasa 400, ambayo Rebmann pia aliichangia. Krapf hakuiona ikiwa kitabu. Alifariki Novemba 26, 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, na kamusi ikatoka London mwaka 1882.

Kamusi hiyo haitoi maana tupu. Neno linapohusu desturi, mwandishi husimama na kuieleza. Humo mna Kimvita jinsi kilivyosemwa na wavuvi, mafundi wa vyombo, wakulima wa minazi na akina mama wa mjini. Msomaji wa leo hukutana na maneno ambayo bibi yake aliyasema lakini yeye hayajui tena.

Ipo upande wa pili wa sarafu hiyo. Krapf alichagua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi na akapinga zile za Kiarabu, akitaka lugha iegemee Ulaya na iwe mbali na Uislamu. Uamuzi wake, uliofuatwa na wamishonari wengine na baadaye serikali ya kikoloni, uliwafanya watu waliojua kusoma na kuandika kwa karne nyingi wahesabiwe kuwa hawajasoma.

Nacho Kimvita alichokipenda hakikupata ushindi. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lahaja ya kamusi yake ikabaki nyumbani, baharazani na katika ushairi.

URITHI WENYE UTATA

Mwaka 1875, CMS ilianzisha Frere Town, Kisauni, si mbali na kaburi la Rosine. Hapo waliwekwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wakiwa wa asili ya Wayao, Wamakua na Wanyasa. Walikuwa wametenganishwa na koo zao na wazee wao. Iliwabidi wajenge jamii mpya, wakitumia Kiswahili kama lugha yao ya pamoja. Kengele iliyokuwa ikiwatahadharisha na hatari ndiyo iliyoyapa jina la Kengeleni maeneo hayo.

Kwa watu wa namna hiyo, waliopokonywa mila kwa nguvu, neno lililoandikwa lilikuwa na thamani ya pekee. Kwa Wamijikenda hali ilikuwa tofauti. Mila zao zilikuwa bado hai, nazo hazikuhitaji kitabu ili zifuatwe. Zilikaa kwa wazee, katika nyimbo za wanawake, katika majina ya watoto na katika makatazo ya msituni.

Hali hiyo imebadilika. Vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawajawahi kukanyaga kaya. Misitu hiyo imemegwa na wanyakuzi wa ardhi, wakata miti na wachimba mawe, na mzee anapofariki bila mrithi wa siri zake, hapana mahali pa kuulizia.

Mwaka 2008, Shirika la Unesco liliziorodhesha kaya kadhaa za Wamijikenda kuwa turathi ya dunia, na Kaya Mudzimuvya ya Rabai ni mojawapo. Mwaka 2009, mila zinazofungamana na misitu hiyo ziliingizwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka.

Ndiposa maandishi ya Krapf yakapata wasomaji ambao yeye hakuwafikiria kamwe, yaani wajukuu wa watu aliowahubiria, wanaotafuta mila zilizowaponyoka. Wanalazimika kumsoma kwa uangalifu, wakichambua pumba na mchele, maana aliyeziandika hakuzipenda. Alisikia ngoma ya mwanza akiwa nje pamoja na wasioruhusiwa, na alichoweza kuandika ni mngurumo wake tu. Kilichosemwa ndani hakikumfikia.

Rabai leo ina ghala mbili za kumbukumbu. Moja ni makumbusho yaliyomo katika jengo la kanisa la zamani, ambamo habari za Krapf na Rebmann zimehifadhiwa. Nyingine ni msitu wa kaya, ambao mtu huingia kwa idhini ya wazee. Ya kwanza ina maandishi na haina sauti. Ya pili ina sauti, lakini wanaoielewa wanazidi kupungua kila mwaka.